Bei Iliyoandikwa kwa Chaki

Mtaani kwetu walimwita Mama Chaki, naye hakuwa na mtoto. Jina lenyewe lilikuwa kejeli. Walisema mwanamke aliyefika umri ule bila kunyonyesha, basi chaki ndiyo mwanawe, maana haimtoki mkononi. Alijua wanavyosema. Ukimwita aliitika "Abee" kwa upole ule ule ambao angeitikia jina la heshima, kisha akaendelea na njia yake, vidole vyeupe, gauni lina vumbi jeupe kiunoni pale anapojifutia.

Kazi yake ilikuwa kuandika bei. Mbele ya duka la jumla la barabara kuu palikuwa na mbao zimetundikwa ukutani, kila bidhaa na ubao wake: sukari, mafuta, chumvi, sabuni, mchele, unga wa ngano. Asubuhi kabla mlango haujafunguliwa, tajiri mwenye duka alimwita kwenye dirisha la ofisi, akamtajia bei, naye akatoka na ngazi yake kwenda kuandika. Alikuwa na mwandiko, jamani. Tarakimu zake zilisimama kama watu waliojipanga kupigwa picha. Mbao nyingine aliandika kwa brashi na rangi nyekundu ya mafuta. Hizo ni za vitu ambavyo bei yake hukaa. Nyingine aliandika kwa chaki, za vitu ambavyo leo viko hapa, kesho viko kule. Makopo ya rangi yalifungiwa kabatini, na ufunguo tajiri anao mfukoni. Yeye ndiye aliyesema: hii rangi, hii chaki. Mama Chaki hakuuliza. Duka lile halikuwa la kuuliza.

Alikaa kwa mdogo wake, fundi baiskeli, nyumba inayotazamana na yangu. Huyo mdogo wake, Mama Chaki mwenyewe ndiye aliyemlea kwa kumbeba mgongoni mama yao alipokuwa mgonjwa. Mume wa Mama Chaki alifariki mapema, na ndugu wa mume wakachukua kila kilichobebeka, hata sufuria yenye uji ndani. Basi alibaki na kile chumba cha uani kwa mdogo wake: kitanda cha chuma, kidirisha, na msumari wa kutundikia nguo. Akikikosa kile hana pa kwenda. Hilo mtaa mzima tulilijua, na kuliko sisi sote alilijua wifi yake.

Wifi yake alikuwa mwoka mikate. Tanuri lake lilikaa nje chini ya bati, mvua ikinyesha unga unalowa na moto unazimika. Alikitaka kile chumba cha uani akijengee tanuri humo. Hakuwahi kusema toka. Aliingia tu na kamba asubuhi, mwenzake bado amelala, akaanza kupima ukuta.

"Unapima nini, wifi?"

"Hewa. Wewe endelea kulala."

Wakati wa kula alimwangalia mkono unavyokwenda kwenye sahani, akasema, "Wifi yangu huyu anakula kidogo kama ndege. Lakini ndege naye ana kiota chake." Fundi baiskeli aliinamia sahani yake kama anayetafuta kitu kilichodondoka ndani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa kumaliza kula kwa amani.

Siku moja mezani, ili kimya kile kisimkabe, Mama Chaki akasema, "Leo tajiri kaniambia nifute rangi kwenye ubao wa sukari, niandike kwa chaki."

"Na hiyo nayo ni habari?" wifi yake akamjibu.

Wiki haikuisha, sukari ikapanda. Ikapanda tena. Mwoka mikate alipokwenda kununua alirudi na nusu ya alichozoea, akakaa kwenye kizingiti akifikiri. Ndipo akakumbuka ile chaki.

Haikupita muda mrefu, ubao wa mafuta ya kupikia nao ukafutwa rangi. Safari hii wifi yake alisikiliza. Alinunua pipa zima, akalikalia, na mafuta yalipopaa akayauza kwa vibaba mlangoni. Alipata faida ambayo mikate haikuwahi kumpa. Jioni ile ile Mama Chaki aliona nyama kwenye sahani yake, tena kipande chenye mfupa wa uboho. Kamba ya kupimia ukuta ikawa ya kuanikia nguo. "Wifi yangu wa pekee," aliitwa sasa, "kaa karibu na mimi, huko unapigwa na upepo."

Habari haina miguu lakini hufika. Fundi cherehani alikuja kuuliza. Kinyozi akaja. Hata karani wa benki, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, alikuja akijifanya anamsalimia fundi baiskeli, na baiskeli hana. Wakati ule kila mtu alikuwa anatafuta wa kumwambia kesho itakuwaje. Pesa uliyolala nayo uliamka imepungua nguvu. Redioni mabwana wawili walibishana saa nzima. Mmoja akasema bei zitapanda hadi mwakani, mwenziwe akasema zitatulia kabla ya mvua, na mtangazaji akawashukuru wote wawili kwa kutufafanulia.

Mwanzoni Mama Chaki aliwaambia ukweli. "Jamani, mimi najua kuandika tu. Bei anajua tajiri."

"Ee, anaringa sasa," kinyozi akasema. "Zamani tulimpita njiani kama nguzo, leo nguzo ina taa."

Baadaye aliacha kuwakatalia. Nyama kwenye sahani ni kitu, na kulala bila kupimiwa ukuta ni kitu kikubwa zaidi. Isitoshe, chaki ilikuwa imesema kweli mara mbili. Hata mimi nilianza kuitazama ile mikono yake kwa namna nyingine.

Ubao wa unga ulikuwa wa rangi tangu nimjue. Unga wa ngano duka lile ulikuwa kama jiwe la msingi, bei yake hata mtoto aliyetumwa dukani hakuhitaji kukumbushwa. Sasa asubuhi hiyo tajiri akamwambia kupitia dirishani, bila hata kuinua macho, "Unga, futa. Andika kwa chaki."

Alipolitaja hilo mezani, wifi yake aliweka kijiko chini. "Rudia."

"Unga. Chaki."

Mwoka mikate akanawa mikono kabla hajashiba. Kulipokucha alitoa pesa yote aliyokuwa akiiweka kwa ajili ya tanuri. Haikutosha machoni pake. Akamgeukia mumewe, na fundi baiskeli akauza magurudumu, minyororo na vipuri vyote alivyokuwa navyo, akabaki na spana na pampu. Mifuko ya unga ikaletwa kwa mkokoteni, ikapangwa chumba cha uani mpaka ikagusa dari. Kitanda kikatolewa ili mifuko iingie. Mama Chaki akawa analala kwenye godoro katikati, kwenye kijia chembamba.

"Lala salama, wifi yangu," mwoka mikate alimwambia akifunga mlango. "Leo umelala katikati ya mali."

Na mtaa haukubaki nyuma. Fundi cherehani alikuwa na mashine mbili, akauza moja akanunua unga. Kinyozi akakopa. Watu walipanga mstari dukani tangu alfajiri, na tajiri akasimama mlangoni amekunja mikono ya shati, anatabasamu, anasema, "Karibuni, karibuni, upo wa kutosha."

Tukangoja bei ipande.

Haikupanda. Ilikaa vile vile mpaka watu wakaanza kuulizana kwa macho. Halafu ikashuka kidogo. Mwoka mikate akasema ni pumzi tu, mwenye kupanda mlima lazima apumzike. Ikashuka tena. Baadaye sababu zilitajwa nyingi: kwamba malori yalileta ngano ya kupindukia, kwamba viwanda viliachisha watu kazi na pesa ikaadimika mifukoni, kwamba kila nyumba ilikuwa na unga wake, nani amnunulie mwenziwe. Sababu zote zilikuja baada ya tukio, zimenyooka, zimevaa vizuri, kila mtu akidai yeye alikuwa nazo tangu zamani. Hakuna hata mmoja aliyezinong'ona tulipokuwa kwenye mstari.

Mikate nayo haikununuliwa. Nani anunue mkate na uani kwake kuna mfuko? Mwoka mikate alioka kidogo, akarudi na kikapu kimejaa kama alivyotoka nacho.

Kila asubuhi Mama Chaki alipanda ngazi na kuandika tarakimu ndogo kuliko ya jana. Watu walikuja mahsusi kumwangalia. "Wewe unapanda, unga unashuka!" kinyozi alipiga kelele kutoka chini. "Hebu shuka wewe, labda utapanda wenyewe!" Vicheko vikapokelewa mpaka upande wa pili wa barabara. Yeye aliendelea kuandika, na ile mistari yake iliyonyooka ikaanza kupinda.

Siku moja wifi yake alimfuata dukani. Alimpita pale kwenye ngazi bila salamu, akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la ofisi.

"Tajiri, nakuuliza kitu kimoja. Ulisema unga uandikwe kwa chaki. Kwa nini?"

Tajiri hakuelewa. Akaelezwa yote: sukari, mafuta, pipa, mifuko hadi darini. Alisikiliza mdomo wazi.

"Mama, maandishi yalikuwa yamefifia, na rangi iliganda," akasema. "Kopo lilikaa wazi likaganda, na kopo jipya ni ghali. Nikasema tumieni chaki. Basi!"

"Na sukari? Na mafuta?"

"Sikumbuki hata kama niliyasema hayo. Mama yangu, ningekuwa najua bei ya kesho ningekaa kwenye kiti hiki kibovu?"

Kisha kicheko kikamshika. Alicheka mpaka akashikilia fremu ya dirisha. Akawaita wapagazi waliokuwa ghalani. Akamwamuru Mama Chaki ashuke kwenye ngazi, asimame katikati yao. "Hebu waambie ulivyowaambia watu. Waambie! Chaki ikiandika hivi, bei inafanya hivi." Mama Chaki akasimama anaangalia vidole vyake. "Msemaji wa bei huyu," tajiri akasema akifuta machozi. "Na mimi namlipa mshahara wa mwandishi!"

Alipomaliza kucheka akatuma mtu kununua kopo jipya la rangi. Sasa alikuwa na sababu ya kulinunua. "Andika bei ya unga, hii ya leo, ya chini. Kwa rangi. Andika kubwa, watu wa kituo cha mabasi waisome." Mama Chaki akapanda, akashinda mchana kutwa juani akichora kwa brashi, tarakimu moja moja, ile bei iliyowamaliza watu aliowaambia yeye. Na watu hao walipita chini yake wakienda na kurudi.

Fundi cherehani ni mtu niliyemheshimu. Alikuwa mnyenyekevu, hana mkono wa kupiga hata paka. Mashine iliyobaki ilimharibikia wiki hiyo, na ile aliyoiuza ndiyo ilikuwa nzima. Alimngoja Mama Chaki kwenye kona, ana ndoo ya unga ulioingia wadudu, akammwagia wote kichwani. "Haya, umekuwa ubao," akamwambia. "Jiandikie bei yako." Watu wakacheka, wakiwemo ambao hawakununua hata kibaba. Yeye alisimama anapepesa macho, wadudu wanamtembea shingoni, akisema, "Nisameheni. Nisameheni jamani." Hakukuwa na aliyemsikia.

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Siku iliyofuata mwoka mikate alilitoa lile godoro nje mchana kweupe, akalitandaza ukutani kama la kuanika. Akalipigapiga likatoa vumbi la unga. Jua likatua, godoro halikurudishwa ndani. Mama Chaki alirudi kazini akalikuta, akakaa kando yake mpaka mdogo wake alipotoka.

"Dada," fundi baiskeli akasema, "ni kwa muda mfupi. Mpaka hasira yake ipoe."

"Nilikubeba mgongoni," akamjibu.

"Najua, dada." Akaingia ndani akafunga mlango polepole, usipige kelele.

Akaja kwangu. Nina chumba kimoja, mume wangu amepooza, na wajukuu wanalala chini. Nilimpa kile kibanda cha jiko ninamowekea mkaa. Mwenye nyumba alipomwona akaniambia hawezi kukubali mpangaji wa pili kwa kodi ya mmoja, akatupa mpaka mwisho wa mwezi. Ni humo jikoni ndimo Mama Chaki alimonisimulia mengi ya haya, bila kumlaumu mtu. Kila jioni aliswali, na kila jioni alimwombea wifi yake kwa kumtaja.

Wadudu walipozidi, mwoka mikate hakuweza kungoja tena. Aliuza mifuko yote kwa mfuga kuku, kwa bei ambayo hata mwenye mkokoteni alimwonea huruma. Chumba kikabaki kitupu, cheupe sakafuni. Aliamua kukipangisha, lakini wakati ule hakukuwa na mpangaji mwenye pesa.

Na sasa ndipo likaja ambalo hakuna aliyelisema, si redio, si chaki. Asubuhi moja benki ya mjini haikufunguliwa. Mnyororo kwenye mlango, na karatasi isiyo na maneno mengi. Yule karani alikuwa nje na watu wengine, tai shingoni, anagonga kioo cha ofisi aliyotoka jana yake. "Nifungulieni," alikuwa akisema, "mimi ni wa humu." Pesa za tajiri zilikuwa humo. Pesa za wenye malori zilikuwa humo. Malori yakasimama. Unga ule ule uliokuwa ukilishwa kuku ukatafutwa kwa tochi. Bei ilipanda kabla ya adhuhuri, ikapanda tena baada yake, na wiki iliyofuata haikuwepo bei kabisa kwa kuwa hapakuwa na unga. Mama Chaki alipanda ngazi mara ya mwisho kufuta mbao zote.

"Sina cha kuuza," tajiri alimwambia. Safari hii hakucheka. "Utaandika nini? Nenda nyumbani."

Nyumbani kwake kulikuwa jikoni kwangu, na mwezi ulikuwa umebakiza siku moja.

Jioni hiyo akaja wifi yake, na fundi baiskeli nyuma. Sikuwaona wakiwa wamekonda hivyo tangu niwajue. Mwoka mikate hakukaa.

"Mbona hukusema?"

"Kusema nini, wifi?"

"Kwamba itapanda! Tulipokuwa tunauza kwa kuku, ulikuwa hapa, hatua chache. Ukanyamaza. Ulituambia tununue, tukanunua. Ulipotakiwa kutuambia tungoje, ukauma meno."

"Mlikuwa mmenitoa, wifi."

"Tulikutoa wewe. Mdomo nao tuliutoa?"

Nadhani swali hilo hata malaika lingemshinda. Ndipo mwoka mikate akachuchumaa mbele yake, akashusha sauti, na ile sauti ya asali ikarudi.

"Nisikilize, wifi yangu. Kuna mtu ana mifuko kaificha. Bei yake inaua. Nikiuza vyombo vyote vya ndani na pete hii, naipata. Ikipanda tena, tumepona. Ikishuka, tumezikwa. Niambie."

"Wifi, mimi sijui. Sikuwahi kujua."

"Chumba kile kitupu. Ukiniambia, ni chako. Nitakurudishia na kitanda."

"Sijui, wifi. Mungu ndiye ajuaye."

"Basi kaa na mkaa wako." Akasimama. "Twende, baba. Tumekuja bure."

Walikuwa wamefika mlangoni. Mama Chaki aliniangalia, akaliangalia godoro lake lililokunjwa juu ya magunia ya mkaa. Alimtazama wifi yake alivyokuwa akiizungusha ile pete kidoleni, kama mtu ambaye ameshaivua moyoni.

"Itapanda," akasema.

Mwoka mikate akageuka. "Apa."

Miaka yote niliyomjua sijawahi kumsikia mwanamke huyu akiapa, si kwa deni, si kwa kusingiziwa. Akiambiwa aape alikuwa akisema, jina la Mungu ni la kuombea tu.

"Haki ya Mungu," akasema, "itapanda."

Fundi baiskeli aliinama haraka akalibeba godoro kichwani. Wifi yake akamshika mkono, akamwinua taratibu kama mzazi aliyetoka hospitali. "Angalia usijikwae, wifi yangu, hapa pana ngazi." Walipokuwa wanatoka Mama Chaki aliurudisha mkono wake, akanigeukia.

"Dada, niombee."

"Nikuombee nini?"

"Ipande."

Nyuma yangu wajukuu walikuwa wamekwishaanza kuulizia mkate.